Nyuzi za Kapteni

Wadogo zangu wa pale kwenye meza ya ufundi, tangu niwakabidhi funguo hamjaniacha nipumue. Andika, Mzee Wandera, andika kabla hujasahau bisibisi inashikwa upande gani. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili tu, fundi na fundi mkuu, na fundi mkuu alikuwa yule aliyewahi kufika asubuhi akakalia kiti chenye miguu yote minne. Nitaandika juu ya masikio, maana ndiyo kifaa pekee nilichotumia kazini tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho bila kubadilishiwa spea.

Nilianza kazi Tororo miaka ile ya utawala wa jeshi. Nyumbani kwetu ni Busia, upande wa Uganda, lakini Busia ya wakati ule ilikuwa na redio chache kuliko mafundi wa redio, kwa hiyo nikaufuata mji wa kiwanda cha saruji. Nusu ya maduka ya barabara kuu yalikuwa yamefungwa, wenyewe, Wahindi, wameondolewa nchini na masanduku yao mawili mawili. Duka la Hajji Rajabu lilikuwa wazi. Huyu alikuwa mtu wa mjini hasa, babu zake walikuja na misafara wakasahau kurudi. Aliuza santuri, alitengeneza redio na gramafoni, na alipokosa vyote viwili aliuza mafuta ya taa.

Niliingia na cheti changu cha shule ya usiku kimenyooshwa kwa pasi. Hajji hakukitazama. Aliweka santuri, akashusha sindano, akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Nasikia mtu anaimba."

"Huyo hata mbuzi wa kijijini Mella anamsikia. Nyuma yake kuna nini?"

Nikasikiliza tena. Nyuma ya yule mwimbaji kulikuwa na kitu kama upepo unaopita kwenye shamba la mtama, ila upepo huu ulijua unakwenda wapi. Nikasema, "Kuna watu wengi wanalia kwa utaratibu."

Hajji akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Hizo ni violini. Njoo kesho."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na hivyo ndivyo nilivyougua ugonjwa ambao sijapona. Watu wengine hununua santuri kwa ajili ya maneno, au gitaa, au kiuno. Mimi nilitaka kujua nyuzi zimepangwaje huko nyuma. Tulikuwa na santuri za pwani ambazo violini zake ziliingia zote pamoja, kama akina mama wa sare moja wakiingia arusini, na kila mmoja anajua anatazamwa. Tulikuwa na za filamu za Kihindi, zilizoachwa na wenyewe ndani ya makasha, ambazo nyuzi zake zilipanda mbiombio kama watoto wanaokwea Mwamba wa Tororo, zikifika juu zinanyamaza ghafla, kama zimeiona Kenya yote. Tulikuwa na za Wamarekani weusi, na hizo ndizo zilizonifunza adabu: nyuzi zinamfuata mwimbaji nyuma kidogo, hazimpiti, hazimwachi. Halafu kulikuwa na santuri kutoka London ambamo mpangaji alimimina violini kama shangazi anayemimina sukari kwenye chai ya mpwa wake, na hizo zilikuwa nyakati ambazo sukari yenyewe ilikuwa hadithi. Niliyoipenda kuliko zote ilirekodiwa Nairobi na bendi ya dansi, violini mbili tu, na chumba cha kurekodia nadhani kilikuwa tangi la maji. Violini ya pili ilichelewa kidogo kila mara. Nimeisikiliza mara elfu kumi, labda na tatu, na bado sijui kama mpigaji alichelewa kwa makusudi.

Hajji alinifundisha namna ya kuzisikia. Santuri ya mwendo wa haraka iweke kwenye mwendo wa polepole, zile noti zinazokimbia zitatembea, utazitambua uso kwa uso. Kama gramafoni ina spika mbili, chomoa moja. Wapigaji wa nyuzi mara nyingi wamewekwa upande mmoja, na ukimnyamazisha mwimbaji utawakuta wamekaa peke yao kama watu jikoni baada ya wageni kuondoka. Kompyuta zenu zinafanya hayo kwa kidole. Sisi tulitumia bisibisi na subira, na subira haikuwa na dhamana.

Siku moja nilimuuliza mwalimu wangu wa fizikia wa shule ya usiku kwa nini violini kumi hazisikiki kama violini moja kubwa. Akaniambia nifungue ukurasa wa nyenzo na kapi. Nikampelekea Hajji swali lile lile. Akalifikiria huku akipuliza vumbi kwenye redio.

"Kwa sababu," akasema, "watu kumi hawawezi kukosea sawasawa. Yale makosa madogo madogo ndiyo utamu wenyewe."

Sasa niwaeleze kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuwekewa mezani.

Mjini palikuwa na bendi ya dansi, na mwimbaji wake aliitwa Omoding, Mteso wa Mella, mrefu kama mlingoti, mwenye sauti ya kupanda juu mpaka popo wanageuza njia. Vyombo vyao tulivitengeneza sisi, kwa hiyo Jumapili mchana, wakati wa dansi, nilikuwa nyuma ya jukwaa nikizilinda ampilifaya zisishike moto. Jumapili moja akaja Kapteni wa kambi moja ya pembeni mwa mji, jina lake acheni tu. Alikaa mbele kabisa, akaagiza wapige wimbo aupendao, wa mapenzi, wa Kimarekani, unaoanza na violini tupu kabla ya mtu kufungua mdomo. Vijana waliujua. Waliupiga kama ulivyo kwenye santuri, ile sehemu ya violini wakaitoa kwenye gitaa.

Kapteni akasimama katikati ya wimbo. Vijana wakaziachia nyuzi.

"Hapana," akasema. "Hiyo si wimbo yangu."

Omoding akajibu kwa upole, "Ndiyo yenyewe, afande. Tulitoa kwenye santuri."

"Wewe nasema mimi muongo?"

"Hapana, afande."

"Mimi nasikia hiyo wimbo kila siku kwa nyumba yangu. Hii si yenyewe. Violini iko wapi?" Akawageukia wapigaji. "Jumapili mutakuja kambini. Mutapiga wimbo yangu sawasawa, na violini yake. Huyu mutu yenu atangoja kwangu."

Wakamvua Omoding viatu pale pale mlangoni, wakamwingiza kwenye gari. Miaka ile, mtu akivuliwa viatu, jamaa zake walianza kutafuta sanda. Mkewe, Amongin, aliuza mihogo sokoni. Habari zilimfika kabla gari halijakata kona.

Jumatatu asubuhi duka la Hajji lilijaa watu wa bendi waliokaa juu ya makasha. Juma, mpiga gitaa, alitazama vidole vyake kama vimemsaliti. Violini Tororo hazikuwapo. Wenye nazo walikwishapanda ndege. Nikasema, "Lakini fidla zipo."

"Zipi?"

"Za nyumbani. Za uzi mmoja."

Huku wanaziita endingidi, na ng'ambo ya mpaka Wajaluo wanazo zao wanaziita orutu: kopo la mti lililowambwa ngozi, kijiti kirefu, uzi mmoja, na upinde. Juma alinitazama kama nimependekeza tupige ng'ombe. Hajji ndiye aliyeniokoa. "Moja italia kama paka," akasema. "Tano zitakosea kwa namna tano. Kalete tano."

Kutoka kijiji cha Paya alikuja Mzee Ochwo na wanawe wawili wakubwa. Busia nilimfuata Were, aliyekuwa akipiga misibani pande zote mbili za mpaka na kuwaliza watu ambao hawakumjua marehemu, naye akaleta binamu yake. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kizuizi, askari alinyoosha mtutu kwenye mfuko wa Were.

"Hiyo nini? Bunduki?"

"Ni fidla, afande."

"Fanya, nisikie."

Were akapiga wimbo wa msiba. Askari akasikiliza hadi mwisho, akajifuta pua, akasema mjomba wake alikufa mwaka uliopita, tupite.

Siku tatu walijifunza wakifuata santuri ya duka. Nilipunguza mwendo, nikawapa noti moja moja, na wallahi wale watu walikamata haraka kuliko mimi nilivyojifunza kufunga kamba za viatu. Shida ilikuwa kimo cha sauti. Santuri ilikaa juu, na ili kuifikia ilibidi wakaze uzi mpaka ukatike. Zilikatika nyuzi hadi sakafu ikawa kama kinyozi amepita.

"Mtoto yangu," Mzee Ochwo akaniambia, "hii uzi si ya kupanda huko. Huko ni kwa ndege."

Alhamisi Kapteni akapita mwenyewe barabarani, gari likasimama nje ya duka. Tukampigia. Fidla tano, magitaa, ngoma. Mimi nilisikia malaika. Yeye alisikiliza kupitia dirisha la gari, uso wake haukusogea.

"Violini mzuri," akasema. "Lakini bado si yenyewe." Na gari likaondoka.

Hakuna aliyelia, ila Juma alikaa chini sakafuni. Violini alizozitaka alipata, na bado. Watu wakaanza kusema mtu yule hautaki wimbo, anamtaka Omoding. Huenda. Lakini mimi kichwa changu kilikuwa kimenasa mahali pengine. Nilikuwa nimemtazama usoni. Uso ule haukuwa wa mtu anayetafuta sababu. Ulikuwa wa mtu aliyepotelewa na kitu.

"Hajji," nikasema, "nataka kusikia anachokisikia yeye."

Hajji aliingia nyuma, akarudi na sindano mpya ya gramafoni, ya mwisho aliyokuwa nayo, imefungwa kwenye pamba. "Mpelekee zawadi. Sema duka limemkumbuka. Na ukirudi bila viatu, mimi sikujui."

Ijumaa asubuhi nilikwenda kambini. Kapteni alinipokea kwenye nyumba yake, na nitasema kweli, alifurahi. Gramafoni ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Nikabadilisha sindano, akaniambia nijaribu. Nikaiweka santuri yake.

Violini zikaanza, na nywele zikanisimama. Ulikuwa wimbo ule ule, santuri ile ile, lakini mzito, umeshuka chini, unatembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Mwimbaji, ambaye dukani kwetu alikuwa kijana anayebembeleza, hapa alikuwa mtu mzima aliyekwishaachwa. Nikainama kama nasafisha, nikachungulia ndani. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani lilikuwa limekauka, linateleza, na grisi kwenye mhimili imeganda kama gundi ya fundi viatu. Mashine ilikuwa inajikokota. Labda ilijikokota tangu siku aliyoipata, na alikoipata hakuna aliyeuliza wakati ule. Wimbo wake ulikuwa huo. Mwingine hakuwahi kuusikia.

"Iko na ubaya?" akaniuliza.

Dawa yake ilikuwa tone moja la mafuta na kipande cha msasa, kazi ya muda wa kunywa chai. Nimezitengeneza kama hizo nyingi kuliko mawe ya Mwamba. Nikafunika mashine.

"Haina ubaya, afande. Imekaa vizuri. Asiiguse mtu."

Sasa ilibidi niubebe wimbo ule mpaka dukani. Kifaa cha kurekodi sikuwa nacho. Nilikuwa na koo na miguu. Ile noti ya kwanza ya violini, ndefu, nikaifungia mdomoni kama mtu aliyebeba maji: mmmm. Na mwendo wake nikauweka kwenye hatua. Nikatoka nikitembea kwa mwendo wa wimbo, nikiguna noti moja, navuta pumzi kwa pua na kuirudia kabla haijapoa.

Langoni askari akanizuia. "Wewe nalia nini?"

Nikashika shavu.

"Meno? Pole. Pita."

Nyinyi mmelelewa na simu, hamjui ilivyokuwa dhambi kumpita mtu bila kumsalimu. Niliupita mji mzima wa Tororo. Shehe alinisalimu, nikamjibu mmmm. Mama mkwe mtarajiwa alinisalimu, nikamjibu mmmm, na ndoa ile haikufanyika, ingawa nadhani zilikuwapo sababu nyingine. Watu walisimama kandokando wakinong'ona kwamba nimetoka kambini nikiwa nimeharibiwa kichwa.

Kwenye kona ya soko akaniona Amongin. Aliliacha fungu la mihogo wazi, akanikimbilia.

"Wandera. Umetoka huko? Bwana yangu umemuona?"

Mmmm.

"Sema na mimi, ndugu yangu. Iko mzima?"

Sikuwa nimemwona, na kama ningefungua mdomo noti ingekimbia, na Omoding pamoja nayo. Nikatikisa kichwa, maana yangu ikiwa siwezi kusema. Yeye akaelewa kingine. Alitoa sauti ambayo sitaiandika. Akaanza kunifuata akinipiga mgongoni kwa kikapu kitupu, "Sema, sema, hata kama wamemuua sema," na mimi naenda na hatua zangu zile zile, machozi yananitoka, naguna. Nimefanya kazi na umeme mkali na mabetri yanayovuja tindikali, lakini kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya kazini ni kutosimama pale.

Nikaingia dukani, nikamwonyesha Mzee Ochwo mdomo wangu kwa kidole. Mzee hakuuliza. Alitega sikio, akaanza kulegeza uzi wake, ukashuka, ukashuka, mpaka fidla na koo langu vikawa kitu kimoja. Were akafuata, na wengine. Nilipoona zote tano zimeshika ndipo nikafumbua mdomo.

"Amongin, sijui kama mzima. Lakini sasa tunao wimbo."

Aliketi kwenye kasha la santuri, kikapu mapajani. "Ungesema tangu mwanzo," akasema.

Miguu yangu iliendelea kutembea pale pale hadi mpiga ngoma akaukamata mwendo. Juma alilegeza nyuzi zote za gitaa, na Mzee Ochwo akawa na furaha kama mtu aliyevuliwa kola iliyombana. "Hapa," akasema, "hapa ndipo nyuzi hukaa." Kweli, chini kule fidla zile zilikuwa na kifua. Zilitoa sauti ya mkwaruzo mtamu ambao violini za Marekani hazikuwa nao, na makosa matano yalilingana vizuri kuliko usahihi wowote niliowahi kuusikia.

Lilibaki jambo moja. Omoding hakujua lolote. Yeye aliufahamu wimbo kule juu kwa ndege, na hatukuwa na njia ya kumfikishia habari. Chakula ambacho mkewe alikipeleka kila siku kilipokelewa langoni na askari, vyombo vikarudi vitupu, na nani alikula hatukujua.

Jumapili mchana tukapanga vyombo kwenye uwanja wa kambi, juani. Wake wa maofisa walikuwa wamekaa chini ya turubai. Amongin alikuja nasi, tukasema ni mpiga kayamba, na kayamba alikuwa nalo kweli, ndani ya kikapu. Wakamtoa Omoding. Alikuwa na shati lile lile la Jumapili iliyopita, na alitembea kama ardhi ni ya moto. Hatukuruhusiwa kusema naye. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili, si kwa kuimba, kwa kusimama.

Kapteni akanyanyua kidole.

Mzee Ochwo akavuta upinde. Nilimtazama Omoding. Noti ya kwanza ilipotoka, chini, nzito, uso wake ulishtuka, akageuza kichwa kuwatazama wapiga fidla watano na makopo yao. Fidla zilizidi kupanda taratibu, zikashuka, zikafika pale ambapo mwimbaji anaingia. Hakuingia. Juma aliizungusha ile sehemu mara ya pili. Nilimwona Kapteni anasogea mbele kwenye kiti.

Na Omoding akaingia. Chini kabisa, mahali ambapo sikujua ana sauti. Ilikuwa imekauka, ya mtu ambaye hakupewa maji ya kutosha, na kule juu isingefika hata nusu. Chini kule ilitosha. Fidla zilimfuata nyuma kidogo, hazikumpita, hazikumwacha. Mpishi wa maofisa alisimama na sinia mkononi mpaka wimbo ukaisha, na chai yote ikapoa.

Kapteni alikuwa amefumba macho. Watu hawakujua kama wapige makofi.

"Ndiyo hii," akasema. "Tena."

Wakapiga tena, na tena. Nikisema wamepiga mpaka jua likachoka kabla yao, msinihesabie uongo. Mwishowe Kapteni akainuka, akaivuta kofia yake, akaondoka kuelekea nyumbani kwake bila kumtazama mtu, wala hakusema lolote kuhusu Omoding.

Tukabaki vile. Askari wawili waliomlinda Omoding walitazamana. Omoding hakuachia maikrofoni. Mtu akishika kitu kambini, haachi mpaka aambiwe. Ndipo Amongin akaweka kayamba chini, akaingiza mkono kikapuni, akatoa viatu vya mumewe, vile vya kwenda kanisani, alivyovipaka rangi asubuhi. Akatembea katikati ya uwanja, akaviweka mbele ya miguu yake, akasimama.

Yule askari mkubwa akavitazama vile viatu. Akamtazama mwanamke.

"Vaa," akamwambia Omoding. "Mama nakungoja."

Havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba. Amongin akavichukua tena, akavibeba kwapani, akampa mumewe bega. Sisi tukabeba ampilifaya, fidla na ngoma, tukatoka langoni nyuma yao, polepole, kwa mwendo aliouweza yeye, na barabara nzima mpaka sokoni hakuna aliyetaka kuwa mbele yake.